Mshale wa mausi watetemeka wenyewe, nisaidieni wadau

saiba_majengo

Asalaam aleikum wadau, naomba msaada wenu manake hili jambo lanikwamisha kazi. Niko na saiba ndogo hapa Majengo, nachapa barua, natoa picha za pasipoti na kutengeneza kadi za harusi. Laptopu ninayotumia ni ya mtumba zile za kutoka Uingereza, bodi yake chuma, na mausi ni hii isiyo na waya. Sasa tangu nihamie ofisi mpya mshale hautulii kabisa, naupeleka polepole kwenye ukingo wa picha nikate, nikifika pale waanza kuchezacheza kushoto kulia, saa zingine waruka hadi kona na kufunga kitu ambacho sijahifadhi. Na kumkata mtu kwenye picha, uzunguke buibui lake lote bila kula kitambaa, ni kazi yataka mkono na mshale vyote vitulie, huku wateja wamejaa mlangoni.

Nshabadilisha betri za mausi, nshaweka na padi mpya juu ya meza (meza ni ya kioo), hakuna tofauti. Cha ajabu nikiwa nayo nyumbani jioni nimeiweka mapajani yafanya kazi vizuri tu. Kuna mtu ataka nimlipe aipige Windows upya, kabla sijampa pesa nataka nisikie kwenu.

bahari_tek

Waleikum salaam. Pesa kaa nazo kwanza.

Pindua mausi utazame lile tundu la taa. Mle ndani mna taa na kijikamera kinachopiga picha za meza maelfu kwa sekunde moja, kisha yalinganisha picha hii na ile iliyopita ndo ijue umesogea wapi. Ndo maana kioo chaisumbua, haioni alama ya kushika. Padi umeshaweka sawa, lakini unywele mmoja tu ukiingia kwenye lile tundu mshale watetemeka hata mausi ikiwa imetulia. Toa kwa kijiti cha pamba kikavu, usichokoe na sindano utakwaruza lenzi.

BintiMakadara

Na kile kidude cha mausi, kile kidogo cha USB kinachopokea mawimbi yake, umekichomeka wapi? Kama kiko karibu na tundu la USB la rangi ya bluu na ubavuni umechomeka diski ya nje, hapo pana kesi. USB 3, ndo hiyo ya bluu, yatoa kelele ya mawimbi kwenye masafa ya gigahetsi 2.4, na mausi nyingi zisizo na waya zaongea hapo hapo, Intel wenyewe walitoa maelezo yake mwaka 2012. Hamishia kidude upande wa pili, au tafuta waya mfupi wa USB ukisogeze karibu na mausi. Mimi kazini nafanya hivyo na yatulia.

Ila kwa kawaida shida hiyo hufanya mshale ukwame kisha uruke, wewe wasema watetemeka, kwa hivyo sina hakika ndo yenyewe.

resetiyaharaka

Piga formati tu bro, hizo ni virusi, laptopu za mtumba zote ziko hivyo

fundi_kongowea

Ndugu yangu wa formati, ingekuwa virusi vingemfuata hadi nyumbani. Yeye amesema nyumbani yatulia, kwa hivyo tatizo tulitafute ofisini kwake kabla ya kumfutia mafaili ya wateja.

saiba_majengo, hebu fanya hivi kwa utaratibu. Zima mausi kwa swichi ya chini na uchomoe kidude chake, kisha tumia tachpedi peke yake, ile sehemu bapa ya kupapasa kwa kidole chini ya kibodi. Mshale ukitulia, mausi ndo mbaya na hao wawili wa juu washakuelekeza. Ukizidi kutetemeka, chomoa chaja, endelea kwa betri ya laptopu, uangalie tena. Halafu niambie chaja yako ina pini ngapi ukutani na nyumbani waichomeka au watumia betri tu.

saiba_majengo

Wallahi fundi, nimejaribu sasa hivi. Unywele ulikuwepo kweli nimeutoa, kidogo afadhali, lakini nimezima mausi na bado mshale watetemeka kila nikiweka kidole. Nimechomoa chaja tu, kimya. Nikirudisha, waanza. Nyumbani natumia betri, chaja huwa naiacha ofisini.

Waya wa chaja nilibadilishiwa dukani, ni pini mbili za duara, na kwa ekstensheni nachomeka kalamu kwenye tundu la juu ndo zikubali kuingia. Na kuna kitu kingine nilikuwa naona ni kawaida, nikipapasa bodi kwa mgongo wa kidole nahisi kama yakwaruza, kama ina vumbi la mchanga.

fundi_kongowea

Hiyo "mchanga" ni stima. Usiogope lakini usiizoee.

Chaja za laptopu zina kifaa ndani cha kupunguza kelele ya umeme, na kifaa hicho chahitaji njia ya kutolea, ambayo ni waya wa erthi, ile pini ya tatu. Ukiwa na pini mbili njia hiyo haipo, basi bodi ya chuma yabeba volti zinazoweza kukaribia nusu ya 240 zetu. Mkondo wake mdogo sana, ndo maana wahisi mkwaruzo tu. Lakini tachpedi kazi yake ni kupima umeme mdogo mno baina yake na kidole chako, sasa ikichanganyikiwa na huo wa chaja yaona vidole ambavyo havipo. Hata ukishika mausi, kiganja cha pili kikilala karibu na tachpedi mshale waruka. Simu nazo hufanya hivyo zikiwa kwenye chaja mbovu, unaandika herufi moja zatoka tatu.

Kalamu itoe leo. Tundu lile ndo la erthi, na kile kifuniko cha ndani kiliwekwa ili mtoto asiweze kutia kitu. Nunua waya wa pini tatu bapa wenye fyuzi, na ekstensheni ya pini tatu ya kweli. Ukiwa wasubiri, zile picha za buibui kata ukiwa kwa betri, na kwenye setingi za tachpedi toa alama inayoiacha ikifanya kazi mausi ikiwa imechomekwa.

Lingine, weka laptopu juu ya meza uitazame kwa ubavu. Ikiwa yabembea, au tachpedi imeinuka na kubofya kumekuwa kugumu, betri imefura yaisukuma kwa chini. Na joto letu hili betri za mtumba hufura kweli. Ukiona hivyo izime na usiichaji tena.

saiba_majengo

Shukran sana. Betri iko sawa, bodi imelala bapa. Nimepata waya wa pini tatu pale Mwembe Tayari na mshale umetulia tuli, mkwaruzo hakuna, kadi zilizokuwa zimelala nimezimaliza. Ila nikihamia soketi ya karibu na mlango yarudi vile vile, na waya ni huu huu mpya.

fundi_kongowea

Basi soketi hiyo erthi yake haijafungwa au imekatika. Usiifungue mwenyewe, ita fundi wa stima mwenye leseni aipime pamoja na zingine zote, na hadi aje usichomeke printa wala feni ya chuma hapo. Mwambie mwenye nyumba mapema, waya wa ukutani ni wake.

BintiMakadara

Na mweleze fundi aangalie na fimbo ya erthi ya nje pale inapoingia ardhini, huku kwetu na hii chumvi ya bahari kiungio chake hula kutu.