Michezo ya video na nyakati za mapinduzi: Vita vya Maji Maji vingechezwaje?

Mwalimu wa Historia, Lindi

Ndugu wanajukwaa, baadhi ya wanafunzi wangu wanacheza Assassin's Creed Unity, mchezo wa mwaka 2014 unaohusu Mapinduzi ya Ufaransa, na wanaifahamu mitaa ya Paris kuliko wanavyoifahamu Nandete, hapa hapa mkoani kwetu, ambako Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 kwa watu kung'oa pamba. Sipingi wao kucheza. Naomba kujua kama michezo ya aina hiyo humfundisha kijana sababu za watu kuinuka, au humkabidhi silaha tu.

Mchangiaji, Mtwara Mjini

Shikamoo, Mwalimu. Majengo ya Paris yamechorwa kwa ustadi mkubwa, lakini mchezaji ni muuaji wa siri, na mapinduzi yenyewe yamefanywa uwanja wa ugomvi wa vyama viwili vya siri, kiasi kwamba njaa na bei ya mkate vinasukumwa pembeni. Mwanasiasa wa Ufaransa Jean-Luc Mélenchon alilalamika hadharani jinsi Robespierre, mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, alivyoonyeshwa. Mimi nauthamini zaidi 1979 Revolution: Black Friday, wa mwaka 2016, unaohusu Iran. Humo mchezaji ni kijana mpiga picha katikati ya maandamano ya Tehran, na kila anapopiga picha huonyeshwa picha halisi ya siku zile. Kisha anahojiwa gerezani, ambako kila jibu lake linaweza kumponza mtu mwingine. Hapo kijana anauonja woga wa wakati ule.

Mchangiaji, Masasi

Mchezo wa Maji Maji usianze na dawa ya mganga Kinjikitile, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Uanze shambani, mchezaji akilimishwa pamba kwa nguvu chini ya akida, msimamizi wa serikali ya Kijerumani, huku kodi ikimsubiri na shamba lake la chakula likimea magugu, ndipo atakapoelewa kwa nini watu waliipokea dawa ile. Wala usiishie kwenye mapigano, kwa sababu Wajerumani walichoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokadiria vifo vyote kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Tena huku kwetu misheni ya Masasi ilishambuliwa mwaka ule ule wa 1905, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo Waafrika Wakristo. Mtengenezaji atakayewachora hao kama vibaraka tu atakuwa amewadhulumu, kwa hiyo ningependa mchezaji apitie upande wao pia.