Mnalinganishaje mapato ya Jiji la Dodoma na sisi wa Chemba na Bahi?

Wakuu, salaam.

Kila ikitolewa taarifa ya mapato ya ndani, yaani yale halmashauri inayokusanya yenyewe, ni yaleyale: Jiji limepaa, halmashauri za wilaya hazijitumi. Hazijitumi? Nani aliwaambia tulianzia mstari mmoja?

Mei 2017 CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilivunjwa, ardhi na mali zake zikaenda manispaa. Wizara nazo zilikuwa zinahamia, kila mtumishi anasaka kiwanja. 2018 pakawa jiji. Viwanja vikauzwa, vibali vya ujenzi vikalipiwa, gesti zikaota mpaka Nzuguni. Hongera zao, sina kinyongo. Ila huo haukuwa ujanja wa mweka hazina, ni uamuzi wa Serikali Kuu. Na kiwanja kikishauzwa kimeuzwa, mwakani unauza nini?

Sisi wa wilayani, Chemba, Bahi na Mpwapwa, ni ufuta, alizeti, na ng'ombe wa mnadani. Mvua ikikata Februari, na mapato yamekata. Mwaka huohuo wa 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Mimi mkulima nilishangilia, siwezi kukataa. Lakini pengo la halmashauri nani alilifidia?

Linafidiwa getini, pale kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao. Tuliambiwa anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine halipi ushuru. Msimu uliopita napita na magunia 6 ya alizeti, nusu tani hayafiki, kijana wa mashine ya risiti ananijibu, "Mzee, hayo ya mjini, mimi hapa nina lengo la siku." Lengo! Nikalipa, maana mwenye Fuso alishaanza kupiga honi. Risiti nayo imeandikwa "mengineyo". Mengineyo ndiyo zao gani?

Halafu ile asilimia 10 ya mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu inatoka kwenye mapato hayohayo ya ndani. Jiji wakikata 10 yao, vijana wananunua bodaboda. Huku ukikata 10, akina mama hawafikishi hata bei ya mashine ya kukamua alizeti, kwa hiyo mbegu inaondoka ghafi, anayeikamua na kulipa leseni yuko mjini. Mwaka unaofuata mnatuuliza kwa nini hatukui!

Wa Kondoa na Manyoni semeni, huko chini ya tani mnapita bure? Na mwenye sheria ndogo za ushuru za halmashauri yake aziweke hapa, nichapishe niende nazo getini.