Kitanda imara cha futi 5 kwa 6 hapa Tanga: nitazame mbao gani, na nimwagize fundi au ninunue kilicho tayari?

Mkazi wa Chumbageni

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wanaozijua mbao, na wa wale waliokwisha kulalia kitanda kimoja kwa miaka mingi, kwa sababu sitaki kurudia kosa nililolifanya mwaka juzi. Nilinunua kitanda kilicho tayari, kinang'aa kwa vanishi nyekundu, nikaambiwa ni mninga. Baada ya miezi minane hivi nilianza kuona unga laini kama wa muhogo umejikusanya sakafuni chini ya mfumbati mmoja, yaani mbao ndefu ya ubavuni. Nikiufagia asubuhi, kesho yake upo tena pale pale. Mwezi uliopita chaga tatu za katikati zilivunjika usiku, tukashuka na godoro hadi chini, mimi, mke wangu na mtoto. Nilipokipindua nikakuta upande wa chini haukupakwa chochote, mbao zake ni nyeupe tupu, na chaga zimeegemea kijiti chembamba kilichopigiliwa misumari ya inchi 2.

Sasa nimeweka akiba ya shilingi 450,000. Fundi mmoja wa Ngamiani ananishauri mkongo, jirani yangu anausifu msaji (mtiki) wa Longuza, na mdogo wangu anasisitiza kitanda cha chuma. Je, fedha hii niielekeze wapi ili nisinunue kitanda kingine kabla mtoto hajamaliza shule?

Seremala Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu, na poleni kwa mshtuko huo. Unga uliokuwa ukiufagia ulitokana na mbao kubunguliwa na wadudu. Wadudu wale hufuata wanga uliomo katika ile sehemu nyeupe ya nje ya gogo, na jina la mti pekee halikulindi: hata mninga halisi, ukipasuliwa pamoja na weupe wake, weupe huo utaliwa. Sehemu wanayoikwepa ni kiini chenye rangi. Kwa hiyo usiulize tu kama mbao ni ya mkongo au msaji. Omba uoneshwe mbao yenyewe kabla ya vanishi, na ukatae kila kipande chenye ukanda mweupe.

Katika hiyo miwili, yote ni mizuri. Mkongo ni mzito na mgumu, na kiini chake hakiliwi na mchwa kwa urahisi, ila unachosha randa na patasi, na fundi atakutoza jasho lake. Msaji una mafuta yake ya asili, na shamba la Longuza lipo hapo Muheza, hivyo hulipii safari ndefu kama ya mninga unaotoka Tabora au Katavi. Angalizo langu ni kwamba msaji uliovunwa ungali mchanga huwa na weupe mwingi.

Hata hivyo, kitanda chako hakikuvunjwa na wadudu peke yao. Chaga ya futi 5 isiyo na kitu cha kuegemea katikati inabeba mzigo mahali ambapo ni dhaifu kuliko pote. Ukiweka boriti moja katikati, kutoka mchagoni hadi miguuni, yenye tendegu lake linalogusa sakafu, urefu unaobebwa na kila chaga unakuwa nusu, na kwa mzigo uleule kupinda kwake hupungua hadi sehemu 1 kati ya 8. Hakuna mbao ya bei yoyote itakayokupa faida hiyo kwa gharama ndogo namna hiyo, nami nimesikitika mara nyingi kuona vitanda vya bei kubwa vimenyimwa boriti hiyo. Kanuni hiyohiyo inahusu mifumbati: mbao ya inchi 6 iliyosimamishwa wima haipindi kirahisi kama ya inchi 4 yenye unene uleule, kwani ugumu wake huzidi zaidi ya mara 3. Chaga zenyewe zinaweza kuwa za msonobari mkavu wa inchi 1, usio na vifundo vikubwa, zikipishana kwa nafasi isiyozidi inchi 3 ili godoro lisizame kati yake. Hapo ndipo utakapookoa fedha.

Baba wa Raskazone

Chuma si kibaya, lakini mtu anayekaa karibu na bahari kama sisi ajue kwamba kutu huanzia kwenye maungio yaliyochomelewa na ndani ya bomba, mahali ambapo rangi haikufika. Changu kilianza kulia kila ninapogeuka, nikakaza bolti zote bila nafuu, hadi nilipokwangua rangi kwenye pembe moja na kucha yangu ikaondoka na ganda la kutu. Ukichagua chuma, miisho ya mabomba iwe imezibwa.

Mama wa Makorora

Mimi ninaona fundi ni bora kuliko kilicho tayari, mradi mpatane vizuri. Nilipotengenezewa changu nilitoa fedha kwa awamu tatu, na awamu ya pili sikuitoa mpaka nilipokwenda kukiona kimesimama bila vanishi. Nilikitikisa kwa mikono miwili kutoka upande wa miguuni, nikaona tendegu moja linacheza; fundi akalifungua palepale, na kumbe ulimi, ile ncha ya mbao inayochomekwa kwenye maungio, haukuingia wote katika tundu lake. Kama ningesubiri kiletwe nyumbani kimeng'arishwa, nisingelijua hilo. Zaidi ya hapo, pima godoro lako kwa futikamba kabla ya kuagiza, na mifumbati ifungwe kwa bolti ili kitanda kifunguliwe mnapohama, kwani korido za nyumba zetu hazipitishi kitanda kizima.

Mkazi wa Chumbageni

Nimewashukuru sana. Leo nimekwenda kwa fundi, na tumekubaliana msaji, boriti ya katikati na chaga za msonobari, jumla shilingi 430,000. Kilichobaki kunitia wasiwasi ni ukavu wa mbao zake, maana anasema zimekauka, nami sina kipimo.

Seremala Mstaafu

Kipimo unacho. Omba kipande kidogo cha mbao zilezile, kipeleke dukani wakipime kwenye mizani ya kupimia sukari, kisha kiweke ndani penye hewa, mbali na jua, kwa wiki mbili, ukakipime tena. Kikiwa kimepungua uzito waziwazi, mbao bado ina maji, na ulimi uliobana leo utalegea itakapokauka. Mwambie asubiri, wala usione haya. Kikiwa vilevile, mruhusu aanze. Na kitanda kikishafika, zikaze bolti tena baada ya mwezi mmoja, kwa sababu mbao hutulia kwenye nafasi zake ikishabeba watu.