Mita ya spoti imehama katikati ya fremu, na muuzaji ananiambia sijui kutumia kamera

Wadau, nimekasirika na sitaficha. Mwezi uliopita nilinunua DSLR (kamera ya kioo na lenzi za kubadilisha) ya mtumba kwenye duka moja hapa katikati ya jiji kwa shilingi 58,000, pesa niliyoweka kidogo kidogo mwaka mzima. Muuzaji aliniapia kila kitu kinafanya kazi. Jumamosi iliyofuata nikaenda nayo harusini Ngong. Uso wa bibi harusi ukatoka mweusi tititi, picha baada ya picha, na gauni likawa rangi ya majivu.

Mita ya kamera, yaani kipimo chake cha mwanga, haijui inatazama nini. Chochote inachopima inataka kiwe kijivu cha wastani. Ukipima uso mweusi kwa spoti, yaani kwa duara dogo tu la katikati ya fremu, kamera itauangaza kupita kiasi, kwa hivyo mimi hupunguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Miaka sita nafanya hivyo na nyuso zinatoka vizuri. Siku hiyo zilizama karibu stopu tatu, na kuziinua kwenye kompyuta kulileta chembechembe tupu. Mamake bibi harusi akaniuliza, "Mbona umemchoma mtoto wangu hivi?" Sikuwa na jibu.

Nikarudi dukani. Muuzaji akaelekeza lenzi kwenye ukuta mweupe, akapima kwa spoti, akapima kwa fremu nzima, namba zikafanana. "Unaona, dada? Kamera iko sawa. Ni wewe hujui kuitumia." Mbele ya wateja!

Hapo ndipo damu inanichemka. Ukuta wenye mwanga sawa kila mahali hauwezi kukuonyesha kama spoti imehama. Hata iwe imekimbilia pembeni kabisa, bado inaona ukuta uleule. Jaribio lake linapima kiasi cha mwanga, halipimi mahali mwanga unakotoka. Na kiasi hakikuwa shida yangu: nilikuwa nimeshajaza fremu kwa kadi ya kijivu cha wastani kwenye jua la saa sita mchana Uhuru Park, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 100, kipenyo cha lenzi f/16, ikanipa 1/125 ya sekunde, vile kanuni ya wapiga picha ya jua kali inavyotaka.

Usiku mmoja stima ikapotea mtaani, nikaona hii ndiyo nafasi. Nikachukua manila nyeusi, nikatoboa tundu dogo, nikaifunga juu ya tochi ya simu na kuiweka mita tatu kutoka kwenye tripodi. Lenzi kwenye fokasi ya mkono, kipenyo f/8 bila kubadilika, fidia ya mwanga sifuri, yaani sikuongeza wala kupunguza kitu. Nikachagua nukta ya fokasi ya katikati, maana kuna kamera ambazo spoti hufuata nukta uliyochagua. Tundu la kutazamia nikaliziba kwa kitambaa, kwa sababu mwanga unaoingia kwa nyuma hudanganya mita ya DSLR.

Tochi ikiwa ndani ya duara la katikati kabisa, kamera ikasema picha inahitaji sekunde nzima ya mwanga. Giza! Yaani haikuiona. Nikazungusha kichwa cha tripodi polepole, tochi ikashuka kushoto, na nusu ya njia kuelekea kona namba ikaruka hadi 1/60 ya sekunde. Nikarudia mara kumi na kila mara ikaruka palepale. Kisha nikawasha skrini ya nyuma ili ipime kwa sensa yenyewe ya picha, na papo hapo spoti ikawa katikati, inapostahili. Kwa hivyo kasoro iko kwenye ile sensa ndogo ya kupimia iliyo juu, karibu na prizimu, kile kioo kinachopeleka picha kwenye tundu la kutazamia. Skrubu za chini zina mikwaruzo ya bisibisi. Nadhani kuna mtu aliifungua na kuirudisha ovyo.

Sasa rudini kwenye harusi. Duara langu lilikuwa usoni, mita ikawa inasoma shela na bega la gauni jeupe. Ikapunguza mwanga kwa sababu ya weupe ule, nami nikapunguza stopu yangu juu yake.

Nimempelekea muuzaji video ya jaribio lote. Jibu lake ni picha ya risiti, pale palipoandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na maandishi ya chini ya risiti hayawezi kukifuta. Jumatatu narudi dukani na tochi yangu na manila yangu, nifanye jaribio mbele ya wateja walewale. Asiponirudishia pesa, nitafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani.

Aliyenunua kamera ya mtumba mjini hivi karibuni, zima taa nyumbani leo usiku ujaribu yako kisha uweke namba zako hapa. Na kama kuna fundi anayejua kurudisha sensa hiyo mahali pake, aseme anatoza ngapi, nataka kumwonyesha muuzaji huyo gharama aliyonitwika.