Mdudu mwenye umbo la ngao kwenye mibuni: ni yupi huyu?

Mkulima wa Marangu: Ndugu wakulima, habari za leo. Juzi nilipokuwa nikipogoa mibuni iliyosongamana chini ya migomba kihambani, nilikuta wadudu wenye umbo la ngao wamejibanza kwenye vishada vya buni changa. Mmoja nilimweka juu ya ukucha wa kidole gumba, naye hakuufunika wote. Mgongo wake ni mweusi unaoelekea kahawia, una mabaka ya rangi ya machungwa na meupe, na aliniachia harufu kali mkononi. Jirani anasema ni mbawakawa tu, shemeji anashikilia kuwa ni mtoto wa kunguni wa kijani anayeshambulia maharage. Naomba mnisaidie kumtambua kabla sijapiga dawa.

Bwana Shamba Mstaafu: Pole na kazi, ndugu. Mgeuze chali: ukiona mrija mwembamba uliolazwa katikati ya miguu, huyo anafyonza, hatafuni, kwa hiyo si mbawakawa. Mabawa ya mbawakawa hukutana kwa mstari mnyoofu mgongoni, ilhali ya huyu hupishana nyuma ya pembetatu kubwa. Kwa maelezo yako, ni antestia, yaani kunguni wa kahawa, ambaye akikomaa huwa na urefu wa milimita 6 hadi 8. Shemeji ana sababu ya kuchanganya, kwa kuwa watoto wa kunguni wa kijani, Nezara viridula, huwa weusi wenye madoa meupe. Lakini mtoto hana mabawa kamili, na mkubwa wake hufikia milimita 15 hivi.

Mama Kahawa: Naongezea kuhusu mayai. Antestia hutaga mayai meupe, takriban 12 kwa fungu, aghalabu chini ya jani. Nezara hutaga makumi kwa makumi, yaliyopangana kama sega la nyuki. Usimdharau antestia, ndugu yangu, kwani anapotoboa buni changa huingiza ukungu unaoozesha punje ndani kwa ndani, na huko Rwanda na Burundi anahusishwa na kahawa yenye ladha ya kiazi kibichi. Hupenda mti wenye majani mazito, hivyo endelea kupogoa, kisha uhesabu wadudu mti kwa mti kabla ya kuamua kupiga dawa.

Mkulima wa Marangu: Ahsanteni sana. Nimerudi kihambani jioni hii: mrija upo, mabawa yanapishana, na chini ya jani moja nimekuta mayai meupe 12. Kesho alfajiri naanza kuhesabu.