Muvi ya mbio za magari ya 1919 haitoi sauti, flashi mbovu au?

Mkoroshoni: Wakuu habari za jioni. Nina kibanda cha video huku Chikongola Mtwara, kijana wangu kaniletea muvi inaitwa The Roaring Road, steringi anauza magari anataka bosi ampe gari akashindane na huku anamtaka binti wa bosi huyohuyo, sasa midomo inacheza ila sauti hamna, halafu watu wanatembea kama wamekanyaga siafu. Nimebadili waya, nimebadili spika, wapi! Wateja wameanza kudai hela zao.

kusini_kwetu: Spika nzima hizo mkuu. Ni muvi bubu, enzi hizo sauti haikuwepo kwenye filamu, maneno yanakuja kwa maandishi na ukumbini alikaa mtu anapiga piano. Steringi ni Wallace Reid, demu Ann Little, yule mzee mkali Theodore Roberts. Hiyo haraka ni kwamba kamera ilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha kama 16 hivi kwa sekunde, ukizipiga kwa 24 za sasa lazima wakimbie. Shusha spidi ya pleya hadi 0.75. Ila magari yakianza mbio rudisha, pale utamu ndo wenyewe.

Mlindi Halisi: Mbona dawa unayo hapohapo bandani? Japani walikuwa na watu wanaitwa benshi, anasimama pembeni ya pazia anasimulia na kuigiza sauti za wote, wengine walikuwa na jina kubwa kuliko hao masteringi. Mpe mtafsiri wako maiki. Ile sehemu jamaa anakimbizana na treni kwenda San Francisco na binti yumo ndani, we weka singeli tu, nani atadai hela?

bi_mikindani: Na mtafsiri aseme habari za huyo Wallace Reid jamani. Mwaka huohuo 1919 aliumia kwenye ajali ya treni akiwa na kazi ya filamu nyingine, wakawa wanampa mofini ili aendelee kufanya kazi, ikamnasa, Januari 1923 akafariki ana miaka 31 tu. Kijana mzuri vile!

Mkoroshoni: Ahsanteni wakuu, spidi imekubali. Mtafsiri nimemwambia, anataka malipo mara mbili, eti sauti zote anatoa yeye mpaka ya gari.

kusini_kwetu: Mlipe 😂