Mwanangu wa miaka 11 hataki tena kusali tangu bibi yake afariki, nifanyeje?

MamaWawili_Kimara

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote habari za jioni. Naombeni ushauri hasa nyie mliolea watoto mkavuka nao umri huu, mimi hapa nimekwama kabisa.

Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 11 yuko darasa la tano na wa kike ana 6. Sisi ni Walutheri, mimi na baba yao wote tumekulia kanisani, na tangu huyu mkubwa ana miaka mitatu nyumbani kwetu hakuna kulala bila sala. Sio ibada ndefu, saa tatu usiku tukishakula tivii inazimwa tunakaa kwenye mkeka sebuleni, wimbo mmoja, mistari miwili mitatu ya Biblia, kila mtu anaomba kidogo tunafunga na Baba Yetu. Na yeye ndo alikuwa anapenda kuliko wote, akianza kuomba anataja mpaka kuku wa jirani.

Mwezi wa pili mama mkwe wangu alizidiwa na figo akaletwa Dar kutoka Gonja, kule Same, akakaa kwetu wiki tatu kabla ya kulazwa, analala chumba kimoja na wajukuu. Alikuja na kitabu chake cha nyimbo kimechakaa mpaka mgongo kaushona kwa uzi mweusi, macho yalikuwa hayaoni vizuri kwa hiyo mwanangu anamsomea ubeti halafu bibi anauimba, alikuwa anamwita "mwalimu wangu". Alipolazwa huyu mtoto aliomba asubuhi na jioni, hakuruka hata siku moja. Huko Sunday school mwalimu aliwaambia watoto ukiomba kwa imani bila shaka hata kidogo lazima Mungu ajibu, na mimi, Mungu anisamehe, niliposikia nikaitikia, nikamwambia ndio baba, we omba tu bibi atapona.

Siku ya kumi na moja bibi akafariki.

Tulizika Gonja, mtoto hakulia. Tumerudi, usiku wa kwanza tumekaa kwenye mkeka namuona macho wazi, anachomoa chomoa ukili pembeni, mdogo wake akasema mama kaka hafumbi macho. Nikamuuliza vipi baba? Akaniambia hivi, nayaandika kama alivyosema: "Mi siombi tena. Niliomba bibi akafa. Mwalimu alisema ukiwa na shaka haijibiwi na mimi kuna siku nilikuwa na shaka."

Ndugu zangu nilishindwa hata kumaliza ile sala. Mtoto wa miaka 11 anatembea na wazo kwamba bibi yake kafa kwa sababu yake. Nimemwambia sio hivyo mwanangu lakini naona haingii. Sasa ni mwezi wa nne huu, sala ikianza anaenda chumbani anajifunika shuka. Baba yake anasema tumuache, mama yangu mzazi anasema tukimuachia sasa hivi na kipaimara atakikimbia. Nimlazimishe kukaa? Nimuache? Na nimwambie nini jamani?

MzeeWaNyumba

Pole kwa msiba dada yangu. Mimi nitakuwa wazi, usimuache. Mithali 22:6 inasema "Mlee mtoto katika njia impasayo, naye hataiacha, hata atakapokuwa mzee." Haijasema muulize kama anapenda. Shule akisema hataki kwenda utamuacha alale? Sisi tulikuwa tunaamshwa saa kumi na moja alfajiri tunaimba huku tunasinzia, ukilala fimbo inakuamsha, na leo hii nasali mimi na wanangu. Akae hapo hata kama hafumbi macho. Mtoto akishazoea kwamba kwenye nyumba hii sala ni hiari basi imekwisha hiyo. Nimelea sita na nasema kwa upendo.

Mnyaturu88

Mzee heshima yako, ila hapa sikubaliani na wewe na nitasema kwa nini, kwa sababu huyo mtoto ni mimi.

Nilikuwa na miaka 10 baba alipougua. Nyumbani tulikesha, tulifunga, watu wa maombi walikuja siku tatu. Baba alipofariki mmoja wao alimwambia mama mbele yetu watoto kwamba kuna mtu ndani ya hii nyumba hakuwa na imani. Mimi nilijua ni mimi kwa sababu siku ya kufunga nilikula kiporo cha ugali jikoni kwa njaa. Sikumwambia mtu. Nikakaa na hicho kiporo rohoni mpaka nina miaka 24, na muda wote huo kanisani nilikuwa naenda, nafumba macho, naimba kwaya, mzee ungeniona ungesema huyu kalelewa vizuri. Nilikuwa namuogopa Mungu kama mtu anavyomuogopa anayemdai.

Kwa hiyo dada, kukaa kwenye mkeka sio shida yako sasa hivi. Shida ni hilo la "nilikuwa na shaka". Hilo usilijibu mara moja ukaacha, lijibu tena na tena, mkiwa wawili, mchana, sio wakati wa sala. Na mwambie wazi kwamba wewe mama yake ulikosea kumwambia bibi atapona, kwamba hukujua, ulitamani tu. Mimi mama yangu aliniambia hivyo nikiwa mtu mzima, tumekaa Singida mjini tunasubiri basi, nililia stendi watu wakinitazama. Angeniambia nikiwa na 11 ningepona mapema. Na ule mstari wa Mithali usomwe pamoja na Waefeso 6:4, "msiwachokoze watoto wenu, bali waleeni katika adabu na maonyo ya Bwana." Yote mawili ni Biblia.

Mwinjilisti_Mstaafu

Mama, pole sana wewe na mzee wako. Nimefundisha kipaimara miaka mingi na kesi hii nimekutana nayo zaidi ya mara moja, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu kidogo.

Kwanza huyo mtoto hajaacha imani, huwezi kumkasirikia mtu ambaye unaamini hayupo. Anayejifunika shuka wakati wa sala anajua kabisa kuna mtu anaongelewa pale sebuleni.

Pili, sisi Walutheri tunakariri Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya imani, ili tupate kipaimara halafu tunaifunga, tunasahau ilitoka wapi. Martin Luther, mwanzilishi wa kanisa letu, aliitoa 1529 baada ya kuzunguka sharika za Saxony kule Ujerumani na kukuta watu hata Baba Yetu hawaijui, na juu ya kila sehemu akaandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa njia rahisi. Yaani aliilenga nyumba, meza yenu ya chakula, huo mkeka wenu. Sasa huyo huyo Luther alikuwa na binti, Magdalena, ana miaka 13, akaugua mwaka 1542 pale Wittenberg. Baba yake alipiga magoti pembeni ya kitanda akilia na kumuombea, na binti akafia mikononi mwake. Baadaye akamwandikia rafiki yake Justus Jonas kwamba yeye na mkewe walipaswa kumshukuru Mungu tu kwa jinsi mtoto alivyoondoka salama, lakini hawawezi bila kulia na kuugua. Huyo ndiye mtu aliyetufundisha imani. Je alikuwa na shaka? Imani yake ilikuwa ndogo? Msimulie mwanao hiyo habari, miaka 11 anaielewa kabisa.

Na msomee Yohana 11. Watu huwa wanakimbilia Lazaro kufufuka, wewe usikimbilie huko, kaa pale Martha, dada yake Lazaro, anapomwambia Yesu usoni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hilo ni lalamiko mama. Na Yesu hakumwambia ondoka huna imani. Mbele kidogo anaonekana Yesu mwenyewe analia machozi. Halafu kuna Zaburi 13, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na Zaburi 88 ambayo inaisha gizani, haina hata mstari wa faraja mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia na inaitwa sala. Watoto wetu tunawafundisha sala za asante na naomba, hii ya tatu ya kulalamika hatuwafundishi, siku ikimfika anadhani katoka nje ya mlango.

Kuhusu mwalimu wa Sunday school, nendeni mkazungumze naye kwa upole, wengi ni vijana wa kujitolea, wanarudia walichosikia kwenye mahubiri ya redioni. Ila muende kweli, kuna watoto wengine mle darasani wana bibi zao wagonjwa.

NyakatoMama

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki wa Mwanza, najua nyie wenzetu hamuombei marehemu kwa hiyo hili sikulazimishi. Sisi baba mkwe alipofariki wanangu walikuwa na hasira hivyo hivyo, kilichotusaidia ni kwamba jina lake halikupotea ndani ya nyumba. Tunamtaja kwenye sala za jioni, Novemba tarehe 2 tunaenda na watoto kusafisha kaburi, na kwenye jumuiya ndogo ndogo mwenyekiti wetu ana utaratibu watoto watoe nia zao, yaani wanachotaka kiombewe, kwa mdomo wao, hata kama ni maneno mawili. Wa kwangu wa kati alitoa nia akasema "naomba babu asiwe na baridi". Watu wazima wote kimya.

Ninachotaka kusema mama, kwenye hiyo sala yenu ya saa tatu bibi anatajwa? Maana inawezekana mtoto anaona bibi kafa na nyie mmeendelea na wimbo kama jana, hakuna aliyeuliza. Hata kama hamuombi kwa ajili yake, semeni tu asante kwa ajili ya bibi. Na hicho kitabu kiko wapi sasa?

Voi_Shiku

Pole sana mamake. Niko Voi, sisi ni Waanglikana. Naongeza kidogo tu, Kumbukumbu la Torati 6 inasema uyanene haya "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Hapo kuna nafasi nne na wewe umebanwa na moja tu ya kulala. Kijana wangu wa 12 ukimkalisha chini muongee mambo ya Mungu hasemi neno, lakini tukichambua mboga au nikimtuma tubebe maji pamoja anaanza mwenyewe, kwa sababu hatutazamani usoni. Jaribu hiyo njia, hiyo sala ya usiku iendelee na nyinyi wengine, mlango wa chumba uwe wazi asikie.

Msabato_wa_Suji

Mpendwa naunga mkono aliyesema msimfukuze na msimburute. Sisi Wasabato wa Upareni ibada ya nyumbani tumeanza nayo tangu wamisionari walipofika Giti 1903, kwa babu zetu Ijumaa jua likizama hata mbuzi wanajua Sabato imeingia. Lakini marehemu mama yangu alikuwa na kanuni moja, mtoto aliyenuna anapewa kazi kwenye ibada, haombi. Ashike taa. Atafute wimbo. Amsomee mdogo wake mstari. Mdomo wake haulazimishwi kumwambia Mungu kitu ambacho moyo haujasema, ila nafasi yake pale haikai mtu mwingine.

MzeeWaNyumba

@Mnyaturu88 nimesoma ulichoandika mara mbili. Pole kijana wangu. Habari ya kiporo imenigusa, nina mmoja kati ya wale sita hajaniambia kwa nini haendi kanisani na mimi sijawahi kumuuliza zaidi ya kumgombeza. Nitampigia leo. Dada, kwenye fimbo nimerudi nyuma, kwenye kwamba sala ya nyumbani isife nabaki palepale.

MamaWawili_Kimara

Jamani nimerudi na mrejesho, samahani nimekawia, nilikuwa nasoma na kulia.

Jumamosi nilimwambia twende wote gengeni kununua nazi, tukiwa njiani nikamwambia mwanangu mimi mama yako nilikosea, nilikuambia bibi atapona na mimi sikuwa najua, nilikuwa naogopa tu kama wewe. Akanyamaza mpaka tumefika. Wakati wa kurudi akauliza, "kwa hiyo wewe pia ulikuwa na shaka?" Nikasema ndio, kila siku. Akauliza na baba? Nikamwambia muulize baba. Jioni akamuuliza kweli, na mume wangu ambaye hajaongea chochote tangu tumzike mama yake alikaa pale kwenye kochi akasema na mimi pia, nililia kwenye gari pale nje ya wodi. Mtoto akaenda akakaa karibu naye.

@NyakatoMama swali lako lilinichoma, kitabu cha bibi nilikuwa nimekiweka kabatini juu kabisa nikidhani namsaidia asikione. Nimekitoa. Mtoto alikishika akapitisha kidole kwenye ule uzi mweusi.

Nikawasimulia ya Martha wote wawili. Nilipofika pale "kama ungalikuwapo hapa" mkubwa akaniuliza, "Yesu hakumkasirikia?" Nikamwambia soma mwenyewe, akasoma mpaka mwisho wa sura.

Jana usiku alikuja kwenye mkeka, macho wazi. Alitafuta wimbo akausoma ubeti kwa ubeti kama alivyokuwa anamsomea bibi yake, sisi tukaimba. Ilipofika zamu yake ya kuomba nikataka kumruka, akasema subiri. Akasema: "Mungu nimekukasirikia. Bibi alikuwa bado ana nyimbo za kunifundisha. Amina." Baba yake akaitikia Amina na mdogo wake naye.

Jumapili nitaonana na mwalimu wao baada ya ibada. @Mwinjilisti_Mstaafu naomba unisaidie namna ya kuanza hayo mazungumzo, maana ni binti mdogo na sitaki aache kufundisha.